Mimbari na Jiko: Matumizi ya Nyumba Katika Mwezi wa Ramadhani

Mawaidha yaliyotolewa baada ya Tarawehe kwa jamaa wa Kiswahili waishio Dengfeng, Guangzhou. Yamenakiliwa kutoka kwenye sauti na kufupishwa kidogo.

Tunamhimidi Allah, Subhaanahu wa Taala, kwa kutufikisha katika kumi la kati la mwezi huu, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimfikie, pamoja na aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Ratiba ilitutaka usiku huu tuendelee na darsa ya adabu za itikafu. Tumewaomba ndugu zetu wa kamati watuachie usiku mmoja tuzungumze juu ya chungu. Tangu mwezi uandame tumepokea maswali mengi, na ingawa kila muuliza alikuja na maneno yake, mengi yanarudi mahali pamoja: fedha ya chakula haitoshi, na mwenye nyumba anaona haya kusema. Tutayajibu matatu kati ya hayo bila ya kumtaja mtu, na anayejijua katika maneno yetu asidhani kwamba yuko peke yake.

Muulizaji wa kwanza ni mama. Mumewe humwachia yuan 30 kwa siku, nao ni watu watano. Mume mwenyewe hafuturu nyumbani. Hufuturu na washirika wake wa biashara katika migahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono, ya ndugu zetu Waislamu wa Gansu na Qinghai, na mara nyingi yeye ndiye mlipaji. Mama anauliza kama ana haki ya kuchukua kidogo mfukoni mwa mumewe bila ya kumwambia.

Swali hili lilishaulizwa zamani sana, na aliyeuliza ni Hind binti Utba, mke wa Abu Sufyan. Alimshtakia Mtume, rehema na amani zimfikie, kwamba mumewe ana mkono mzito na hampi yeye na watoto wake cha kuwatosha. Mtume alimruhusu achukue kinachomtosha yeye na watoto, kwa wema. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, nayo ndiyo jibu letu kwa mama huyu: achukue cha chakula, wala asichukue cha pazia jipya. Lakini tungesikitika mno kama kina baba watatoka hapa wakidhani kwamba somo la hadithi hii ni mama kutia mkono mfukoni. Somo ni kwamba Sharia imekiita kile chakula haki yao. Mwenye kuchukua haki yake hakuiba.

Walimu wetu wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo mwambao mzima kuanzia Barawa hadi visiwa vya Ngazija, waliyapima matumizi ya mke kwa kibaba cha nafaka. Mume mwenye wasaa anawajibika vibaba viwili kwa siku, mwenye hali ya dhiki kibaba kimoja, na wa katikati kibaba kimoja na nusu, pamoja na kitoweo, mafuta na vyombo vya kupikia, kwa kadiri ya ada. Tazameni jinsi walivyomwonea huruma maskini. Hawakumwambia akope ili afike vibaba viwili. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya At-Talaq aya ya 7, inamtaka mwenye wasaa atoe katika wasaa wake, na aliyebanwa rizki atoe katika alichopewa. Basi ndugu ambaye kontena lake limezuiliwa bandarini, au ambaye wateja wake wa Kinshasa na Dar es Salaam hawajatuma fedha, hana dhambi kwa kuleta kidogo. Mwenye kuulizwa ni yule anayekula nyama mgahawani na kuwaachia wanawe mchuzi.

Fuqahaa hao walisema neno jingine ambalo ndilo tunalotaka kulikalia usiku huu. Walipouliza nafaka hiyo iwe ya aina gani, wakajibu: chakula kikuu cha mji. Kipimo chao ni chakula cha mji mtu anaoishi, na mji alikozaliwa hawakuutaja. Hukumu ni hiyo hiyo katika Zakatul-Fitri: tunatoa kinacholiwa na watu wa mahali tulipo. Sasa sisi mji wetu ni upi? Tunaishi Dengfeng. Tunashuka kituo cha Xiaobei, tunapita Mtaa wa Baohan, watoto wetu wanakijua Kikantoni kuliko Kimvita. Lakini ingieni katika majiko yetu mwezi huu. Unga wa sembe uliovuka bahari, mchele wa basmati, mbaazi za makopo, muhogo wa kugandishwa, vyote kutoka katika maduka ya bidhaa za Kiafrika ambayo, na hatuwalaumu wenye maduka, yanalazimika kuuza ghali kwa sababu mzigo umesafiri safari ndefu. Nyumba inayojibana kwa yuan 30 inanunua nauli ya meli.

Mababu zetu waliitumia China kwa namna nyingine. Nendeni Kunduchi, nendeni Mambrui, mtaona makaburi yao yalivyopambwa kwa bakuli na sahani za kaure kutoka nchi hii tuliyomo. Sahani walileta kutoka mbali. Walichokipakua juu yake kilikuwa, kwa sehemu kubwa, cha shamba lao na cha bahari yao.

Na hapa kuna rehema ambayo wengi wetu hatujaiona, pengine kwa sababu ya lugha. Chakula cha mji huu kinafanana na chetu. Nendeni katika soko la mboga, lile wenyeji wanaloliita caishichang, mkatazame badala ya kupita mbio. Ule mchicha uitwao xiancai, wenye doa la zambarau katikati ya jani, ni mchicha. Majani ya viazi vitamu, fanshuye, ndiyo matembele, nayo wenyeji wanayala kama sisi. Magimbi yapo. Choroko zipo, wao huzipikia uji mtamu wakati wa joto. Kunde zipo, wao huzitia katika supu. Mama mmoja wa Tanga ametuambia kwamba alikaa hapa miaka miwili akinunua mchicha wa kugandishwa katika duka la Kiafrika, na mchicha mbichi ukiuzwa chini ya dirisha lake.

Mchele nao msiudharau. Guangdong ina mchele wake mrefu mwembamba uitwao simiao. Ukipunguziwa maji na kupaliliwa vizuri, unatoka punje punje, na pilau yake haina aibu. Bizari ya pilau mtaipata kwa ndugu zetu wa Xinjiang, kwani hawachomi nyama bila ya bizari hiyo, na mdalasini hapa ni mti wa jirani, unatoka Guangxi. Vikinunuliwa kwa kupimwa, vinakuwa rahisi kuliko vile vya vichupa.

Kitoweo ndicho kinachotuumiza zaidi, kwa sababu nyama ya halali katika mji usio wa Waislamu ina bei yake. Hatuwezi kumwambia mtu aende kwenye nyama ya bei rahisi asiyoijua asili yake. Nyama inunuliwe kwa mchinjaji Muislamu anayejulikana, hata kama itakuwa mara moja kwa wiki. Matumbo yasiwadanganye: kwetu ni kitoweo cha mwenye dhiki, hapa Wakantoni wanayapenda na wanayalipia. Mifupa ndiyo iliyobaki kuwa rahisi, na mfupa uliochemshwa muda mrefu kwa tangawizi unaipa maharage ladha ya nyama. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimuusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na kuwakumbuka jirani. Wasia huo umo katika Sahihi Muslim, na kila mpishi mwenye fedha kidogo anaielewa hadithi hii haraka kuliko mwanachuoni.

Bahari na mito, kwa upande wake, haikuwekewa kisu. Samaki ni halali bila ya kuchinjwa, na Guangzhou ni mji wa samaki hai. Yule anayeitwa luofei ni perege wetu. Jina lake kwa Kichina limeunganishwa kutoka katika Nili na Afrika, maana asili yake ni huko kwetu. Ni miongoni mwa samaki wa bei nafuu sokoni. Muuzaji atamparua na kumpasua mbele yenu bila ya malipo ya ziada. Mwombeni tu asafishe kisu na ubao kwanza kama anauza na vitu vingine. Mayai yapo. Na doufu, ile inayotengenezwa kwa soya, wengi wetu tunaicheka, lakini ikikaangwa kwa vitunguu na nyanya na kutiwa tui, watoto hawaiachi. Angalieni tu tui lenyewe. Kuna kopo la yejiang, hilo ni tui zito. Na kuna yezhi, hicho ni kinywaji chenye sukari. Wapo waliopika samaki wa kupaka kwa kinywaji, na nyumba ikafuturu samaki wa asali.

Hapo tunafika kwa muulizaji wa pili, kijana mwanafunzi. Alikula daku ya tambi za pakiti, zenye picha ya kamba, kisha rafiki yake akamsomea maandishi ya nyuma akakuta mna mafuta ya nguruwe. Anauliza juu ya funga yake. Funga yake ni sahihi, na alichokila bila ya kujua Allah anamsamehe mja wake. Lakini baada ya kujua, kusoma kumekuwa wajibu. Herufi ya nguruwe, isomwayo zhu, ni moja. Mtu anaweza kujifunza kuitambua kwa dakika tano. Simu zenu zote zinatafsiri maandishi kwa kupiga picha. Neno qingzhen likiwa kwenye pakiti au juu ya mlango linaashiria halali ya Waislamu. Itazameni pia mvinyo ya kupikia, liaojiu, ambayo hukaa rafu moja na siki na mchuzi wa soya, na chupa zao zinafanana.

Na tukitaja soko, tutaje mizani. Bei iliyoandikwa kwenye kibao ni ya jin, nayo ni nusu kilo. Mgeni akiona 6 akadhani ni ya kilo, akaambiwa alipe 12, anapandisha sauti na kumwita muuzaji mwizi mbele ya watu. Tumeombwa kusuluhisha magomvi ya namna hii, na katika yale tuliyoyasikiliza tulimkuta muuzaji hana kosa. Sura ya Al-Mutaffifin imewatisha wanaopunja vipimo, nasi tunapenda kuisoma tukiwafikiria wengine. Kumsingizia mtu kupunja nako ni dhuluma.

Saa ya kununua ina hesabu yake. Futari hapa ni kiasi cha saa kumi na mbili na nusu jioni, na saa ile ya kabla yake Mtaa wa Baohan hujaa watu waliofunga ambao macho yao yana njaa kuliko matumbo. Asinunue mtu saa hiyo ila alichokiandika. Bora kwenda baada ya Alfajiri, wakati soko ndiyo kwanza linafunguliwa, au usiku, wakati wauzaji wanapotaka kumaliza mboga kabla hazijanyauka. Yapo na maduka ambayo hushusha bei kidogo kidogo kadiri usiku unavyoingia. Ndugu mmoja ametuuliza kama anaweza kuiacha Tarawehe kwa ajili ya mboga hizo. Tumemjibu kwamba Tarawehe ni sunna na kulisha watoto ni wajibu, lakini tunamjua, na tunajua kwamba mboga ni za mkewe kununua. (Kicheko.)

Kipato cha wengi wetu si mshahara. Hutokea pale kamisheni inapolipwa, kisha hupita wiki tatu za ukame. Basi siku fedha inapoingia, kabla ya viatu na kabla ya simu, unga, mchele, mafuta na choroko viingie ndani kwanza. Nabii Yusuf, amani imshukie, aliwafundisha watu wa Misri kuweka akiba ya nafaka katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya ukame. Hata hivyo Yusuf alikuwa katika nchi kavu. Sisi tuko Guangzhou, na mnalijua lile joto la unyevu la Machi na Aprili, kuta zikatoka jasho na nguo zisikauke. Gunia la mchele la kilo 25 katika chumba kimoja, wakati huo, huota ukungu na kupata wadudu kabla familia ndogo haijalifikisha nusu. Ndiyo maana tutapendekeza mwishoni namna ya kununua kwa pamoja na kugawana.

Muulizaji wa tatu anadaiwa na maduka matatu, naye anauliza kama inafaa kuwaalika watu ishirini kufuturu, kwa sababu mwaka jana alialikwa.

Swali hili lilituhuzunisha kuliko yote. Fadhila ya kumfuturisha aliyefunga ni kubwa na imethibiti, lakini haikuwekewa sharti la sambusa, katlesi, vitumbua na kaimati. Deni ni haki ya mja, na mwenye duka naye ana watoto. Mwenye kudaiwa aanze kulipa, na atakayefika mlangoni kwake jioni ampe tende na maji, ametimiza. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alikuwa akifuturu kwa tende mbichi, akikosa basi kwa tende kavu, na akikosa basi kwa mafunda ya maji. Baada ya tende, hadithi inakwenda moja kwa moja kwenye maji. Tunasema hivi kwa sababu tumeona watu wakinunua masanduku ya tende za kifahari kwa mkopo. Wengine wamekimbilia zile tende nyekundu za Kichina, hongzao, wakidhani ni zile zile. Hizo ni jamii ya kunazi. Ni tunda zuri, lina faida, na ni rahisi. Lileni, lakini asijibane mtu kwa kudhani kwamba bila ya tunda fulani futari yake imepungua.

Tuulizane kwa nini tunafika huko. Sehemu ya jibu ni picha. Meza inapangwa, inapigwa picha, inatumwa Mombasa, Unguja, Bujumbura, Goma. Ndugu wa kule anaiona sinia, haioni kodi ya nyumba wala daftari la deni. Kesho yake anaomba fedha ya nguo za Idi, na ana haki ya kudhani kwamba ipo, kwani tumemwonyesha sisi wenyewe. Mtu anakopa ili atume, na anabana chungu cha wanawe ili alipe mkopo. Bi Aisha, Allah amridhie, alimsimulia mpwa wake Urwa kwamba ilikuwa ikiandama miezi mitatu katika muda wa miezi miwili bila ya moto kuwashwa katika nyumba za Mtume. Waliishi kwa tende na maji, na maziwa waliyopelekewa na jirani wa Kiansari. Aliyasimulia haya bila ya kuona fedheha. Nasi tunaona fedheha nyumba yetu kujulikana kwamba imefuturu uji na choroko!

Fedheha hiyo ina hatari. Sura ya Al-Baqara, aya ya 273, inawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Wako kati yetu, na huenda mmoja wao amekaa jirani yako katika safu hii. Mnakumbuka Aprili 2020, wakati Waafrika wengi wa mji huu walipofungiwa ndani na wengine wakatolewa katika nyumba zao, jinsi watu walivyobebeana chakula, na wakawemo Wachina waliojitolea kuwaletea wageni chakula barabarani. Wakati ule shida ilionekana, kwa hiyo msaada ulipata njia. Shida ya mwaka huu imefunga mlango na kuwasha taa.

Kwa hiyo, pamoja na kamati, tumekubaliana mambo haya. Zakatul-Fitri itaanza kupokelewa usiku wa leo. Madhehebu yetu yanaruhusu kuitoa tangu mwanzo wa Ramadhani, na familia yenye njaa leo haina haja ya kungoja usiku wa Idi. Ni pishi moja ya mchele kwa kila kichwa, nasi kwa tahadhari tunaihesabu kilo tatu, yaani jin sita. Orodha ya wanaostahiki itakuwa mikononi mwa mama wawili tu, mnawajua. Majina hayatasomwa, hayataandikwa katika kundi la simu, na sisi wenyewe hatutayaona. Anayemjua jirani aliyejificha amnong'oneze mmoja wao.

Ununuzi wa pamoja utaanza Jumapili. Magunia ya simiao, unga wa ngano na choroko yatanunuliwa kwa bei ya jumla na kupimwa hapa hapa baada ya Adhuhuri, kila nyumba ikilipia inachochukua, iwe ni jin tano au hamsini. Mizani ni ya kamati, na itakaa mahali ambapo kila mtu anaiona. Vijana wanne wanahitajika wa kubeba, maana lifti ya jengo hili haifanyi kazi. Na kina baba mnaofuturu mgahawani, nafasi hizo nne tungependa zijazwe nanyi kwanza.

Kila mmoja aje na chombo chenye kifuniko, kwa ajili ya unyevu. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.